Kompyuta nane za mnada, na ndoto ya kuuza programu ya kubana mafaili

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nimechukua kompyuta nane za mezani kwenye mnada, kuna ofisi ilikuwa inatoa vitu vyake vya zamani. Zina kori mbili mbili na RAM giga 4. Nataka niziunganishe ziwe klasta moja, halafu niandike programu yangu mwenyewe ya kubana mafaili niiuze, manake watu wanalia na bando kila siku, na hao WinRAR mbona wanauza miaka yote. Nianzie wapi, na inalipa?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, kununua mashine nane kwa hela yako ukiwa na wazo kichwani sio jambo dogo, wengi wanaishia kuongea tu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kwenye swali lako kuna maswali matatu umeyafunga kamba moja, na ukiyaacha hivo hivo hela yako itaishia kwenye luku. Kwa kifupi: klasta jenga, tena ijenge mwezi huu huu. Programu ya kubana (yaani ya kupunguza ukubwa wa mafaili) ya kuuza achana nayo. Na hilo la bando lina habari yake, tutalifikia.

Tuanze na klasta, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi moja kwa pamoja. Watu wakisikia hilo neno wanawaza chumba cha viyoyozi na mashine za mabilioni, ila klasta za bei ya chini zilianza na mashine za kawaida kama zako. Mwaka 1994 pale Goddard, kituo cha NASA kilichoko Maryland, Marekani, Thomas Sterling na Donald Becker walichukua kompyuta 16 zenye prosesa ya 486, wakaweka Linux, mfumo endeshi wa bure, wakaziunganisha kwa mtandao wa kawaida wa ofisi, wakaipa jina Beowulf, na mpaka leo klasta ya namna hiyo inaitwa hivyo hivyo. Sasa kuna kitu hapo ambacho watu hawakisimulii sana. Kilichowasumbua ni mtandao. Laini moja ya megabiti 10 kwa sekunde ilikuwa haiwezi kuzilisha zile prosesa, ikabidi kila mashine waipe laini mbili zifanye kazi kama moja, na Becker akawa anaandika kwa mkono wake draiva, yaani programu za kuziendesha kadi za mtandao. Kumbuka hilo la mtandao, manake ndo litakalokukuta na wewe.

Wengine walionigusa zaidi ni William Hargrove na Forrest Hoffman wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Waliomba fedha za kujenga klasta wakanyimwa, basi mwaka 1997 wakaanza kuokota kompyuta ambazo ofisi zilikuwa zinazitupa, 486 hapa, Pentium pale, mchanganyiko tu, mpaka zikapita 100. Wakaiita kwa jina la ile hadithi ya supu ya jiwe, ambayo mgeni anaweka jiwe kwenye sufuria ya maji na kila mwanakijiji anachangia kidogo mpaka supu inakuwa supu kweli. Kwa hayo makorokoro walichora ramani ya kanda za kiikolojia za Marekani bara (bila Alaska na Hawaii), nchi imegawanywa vipande milioni 7.8, kila kimoja kilomita moja ya mraba, kila kipande kina vipimo 25 vya mvua, joto, udongo na kadhalika. Mashine za kutupwa! Na iliwezekana kwa sababu moja tu, kila mashine ilikuwa inapewa fungu dogo la namba, inakaa nalo inapiga hesabu ndefu, halafu inarudisha jibu fupi. Data kidogo, hesabu nyingi. Hiyo ndo kazi klasta ya bei rahisi inayoipenda.

Kubana mafaili kwa kawaida ni kinyume chake, yaani data nyingi, hesabu kidogo, na hapa nataka ushike kalamu tupige hesabu pamoja. Chukua faili la giga 40, tuseme ni bakapu ya databesi ya duka. Tuseme mashine yako moja ikitumia gzip, programu ya bure ya kubana, inabana megabaiti 20 kila sekunde. Megabaiti 40,000 gawanya kwa 20 unapata sekunde 2,000, ni kama dakika 33, mashine moja, peke yake, bila klasta yoyote. Sasa leta klasta na ile switchi ya zamani (kile kiboksi cha kuunganishia kompyuta kwa kebo) ya megabiti 100 ambayo nina uhakika mnadani wamekupa kama nyongeza. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 100 ni megabaiti 12 na nusu kwa sekunde, tena hapo hujakutana na upotevu wowote. Kulipeleka tu lile faili kwa wenzake ni sekunde 3,200, dakika 53. Umeona? Mashine nane zimekuwa pole kuliko moja, na hata ukiziongeza ziwe 80 bado ni dakika 53, kwa sababu foleni iko kwenye kebo.

Nunua switchi ya gigabiti, hiyo ni lazima, na angalia kadi za mtandao za hizo kompyuta kama nazo zinakubali gigabiti, nyingi za kori mbili zinakubali. Hapo unapata megabaiti 125 kwa sekunde kwenye karatasi, kulisambaza faili ni dakika tano na kitu. Ila sasa diski inayolisoma hilo faili inaanza kulalamika, diski za zamani za kuzunguka nyingi hazifiki hata hizo 125. Kwa hiyo nane zako kwa gzip hazitakupa kasi mara nane, utashukuru ukipata mara nne.

Badilisha mbanaji uone mambo yanavyogeuka. Weka xz, ambayo inabana sana ila ni nzito, tuseme mashine moja inatoka na megabaiti 2 kwa sekunde. Peke yake faili lile lile ni sekunde 20,000, masaa matano na nusu. Mashine nane kwenye gigabiti ni dakika 42 hivi, na mtandao hata haujasikia. Kwa hiyo kila ukifikiria kazi ya kuipa klasta jiulize swali moja, kila megabaiti inayopita kwenye kebo inaenda kufanyiwa kazi ya muda gani? Kama ni kazi ya nusu sekunde au zaidi, peleka. Kama ni moja ya ishirini ya sekunde, kaa nayo hapo hapo kwenye mashine moja.

Na hata huo mgawanyo sio lazima uandike programu. pigz, ambayo imeandikwa na Mark Adler, mmoja wa waliotengeneza gzip yenyewe, inatumia kori zote za mashine. pbzip2 hivyo hivyo. zstd, mbanaji mwingine wa bure, unaiambia tu tumia kori zote inatumia. Faili unalikata vipande, unavituma kwa ssh (njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao), kila mashine inabana chake, unavirudisha. Ukikata vipande vidogo sana ukubwa wa mwisho unaongezeka kidogo, kwa sababu mbanaji anaishi kwa kukumbuka kilichopita, na kila kipande kipya anaanza bila kumbukumbu. Kata vipande vya megabaiti mia mia hautaona tofauti ya maana.

Sasa biashara. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo hela yako na miaka yako vipo.

Umesema WinRAR wanauza. Ni kweli. Eugene Roshal alitoa fomati, yaani muundo wa faili, ya RAR mwaka 1993 na WinRAR ikafuata 1995, na wewe mwenyewe unajua ile siku 40 za majaribio zinaisha na programu inaendelea kufunguka kama kawaida, inakukumbusha tu ununue. Watu wa nyumbani karibu wote hawanunui. Makampuni ndo yananunua, kwa sababu kampuni ikikaguliwa haiwezi kusema tulikuwa tunajaribu kwa miaka tisa. Na kuna ujanja mwingine wa kibiashara pale ambao ni mzuri sana, msimbo wa kufungua RAR wameutoa bure kwa yeyote, ila leseni inakukataza kuutumia kutengeneza programu inayounda RAR. Kila mtu anaweza kufungua, wao tu ndo wanaoweza kufunga. Hiyo iliwezekana kwa sababu waliingia mapema, wakati watu wanahangaika na flopi na simu za kupiga modemu, na faili likipungua robo tu umeokoa hela ya kweli. Huwezi kuurudia mlango huo leo.

Angalia Phil Katz wa Milwaukee. Mwaka 1988 alishtakiwa na kampuni ya SEA iliyokuwa na programu inaitwa ARC, kwamba programu yake imechukua kazi yao. Kesi ikaisha kwa makubaliano, akaachana na fomati yao, mwaka 1989 akatoa PKZIP na fomati mpya ya ZIP, na akatangaza maelezo ya fomati wazi, mtu yeyote atumie. Huo uamuzi ndo ulioiweka ZIP duniani kote mpaka leo. Ile APK, faili la kuweka programu kwenye simu, unayorushiwa WhatsApp ni zip ndani yake, DOCX ya Word ni zip, kitabu cha EPUB ni zip. Na Windows ikaanza kufungua zip yenyewe bila programu ya pembeni, ikifika Windows XP mwaka 2001 kila mtu anayo. Kwa hiyo fomati ilishinda kwa sababu ilitolewa bure, na ikishashinda, kuuza programu ya kuifungua kunakuwa kugumu. Katz mwenyewe alifariki Aprili 2000 akiwa na miaka 37 tu, inauma kila nikikumbuka, manake hakuna siku inayopita sijatumia kazi yake.

Na usidhani ukiwa na uvumbuzi mzuri wakubwa watakuacha. Stac Electronics ya California iliuza Stacker kuanzia 1990, ilikuwa inabana diski nzima unapata nafasi kama umenunua diski nyingine. Biashara ilikuwa inaenda vizuri mpaka Microsoft wakaweka kitu cha namna hiyo hiyo ndani ya MS-DOS 6 mwaka 1993. Stac wakaenda mahakamani na hataza zao, yaani haki zao za uvumbuzi, Februari 1994 baraza la mahakama likaamua walipwe dola milioni 120, baadaye wakapatana. Walishinda kesi! Lakini diski zikaendelea kushuka bei kila mwaka na hitaji lenyewe la Stacker likafifia. Yaani hata ukishinda, kitu unachokiuza, nafasi, kinazidi kuwa rahisi.

Upande wa bure ndo usiseme. gzip 1992, 7-Zip ya Igor Pavlov 1999, zstd ya Yann Collet ambayo Facebook waliitoa 2016. Ni kazi za watu waliobobea, zimepimwa na dunia nzima, na zinatolewa bila senti. Mteja wako atakuuliza ya kwako inazidi nini, na jibu la kweli itakuwa hakuna. Mimi zamani nilifanya kazi kwenye kampuni moja iliyonunua programu ya bakapu yenye fomati yake ya siri, nzuri kweli, ilibana kuliko zip. Mtengenezaji akafunga biashara. Siku mhasibu anataka hesabu za miaka ya nyuma tukawa na CD zimepangwa kabatini, zina lebo safi kabisa, na hakuna mashine inayoweza kuzifungua, leseni inataka kuwasiliana na seva ambayo haipo tena. Tulikaa wiki tatu kutafuta Windows ya zamani na kurudisha tarehe nyuma, tukaokoa nusu. Tangu siku ile mtu akiniletea fomati yake mwenyewe, hata kama ni rafiki, sihifadhi kitu cha mteja humo.

Kuna na jukumu ambalo watu hawalifikirii. Programu ya kubana kazi yake ni kufungua mafaili ya watu usiowajua, kwa hiyo wahalifu wanaipenda. Hiyo xz niliyokutajia ilikuwa inatunzwa na Lasse Collin wa Finland kwa kujitolea, amechoka, akajitokeza mtu wa kumsaidia, akajenga uaminifu zaidi ya miaka miwili, halafu akapenyeza mlango wa siri kwenye toleo la 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa nusu sekunde hivi, akafuatilia, akaukuta. Nusu sekunde ndo iliyookoa seva za dunia. Wewe ukiuza programu yako, nani ataifuatilia hivyo?

Haya, bando. Wazo lako ni kwamba mtu akibana mafaili bando litadumu. Tatizo ni kwamba kinachokula bando ni video na picha, na hizo zimeshabanwa. JPEG imebanwa, MP4 imebanwa, ukiziweka kwenye zip unaokoa asilimia moja au mbili, wakati mwingine linaongezeka kidogo. Kurasa za mtandao nazo seva inazibana kabla ya kuzituma. Na kuna mpaka ambao hakuna fundi anayeuvuka. Chukua mafaili yote yenye biti 4, yako 16. Mafaili yote mafupi kuliko hayo, ukihesabu na lile tupu kabisa, ni 1 na 2 na 4 na 8, jumla 15. Wageni 16, vyumba 15, mmoja lazima alale nje. Ukubwa wowote utakaochukua hesabu inatoka hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna mbanaji anayepunguza kila faili. Huko Uholanzi Jan Sloot alidai anaweza kuweka sinema nzima kwenye kilobaiti 8, wakubwa wa biashara wakaamini, mwaka 1999 akafariki muda mfupi kabla ya kusaini mkataba, na hakuna aliyeweza kuurudia huo muujiza. Usikubali mtu akuweke kwenye njia hiyo, na usije ukaandika tangazo la namna hiyo.

Aliyewahi kutusaidia bando kweli ni Opera Mini, iliyosambaa dunia nzima mwaka 2006. Wengi wetu tulianza intaneti nayo kwenye simu za batani. Ukurasa ulikuwa unafunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa huko, wanasema mpaka asilimia 90, ndo unaletwa kwenye simu. Klasta na kubana, vitu vyako viwili, ndani ya huduma moja! Lakini programu ilikuwa bure kwa mtumiaji, mapato yalitoka kwingine, kama kwenye utafutaji na matangazo. Hawakumuuzia mtumiaji mbanaji.

Sasa wewe fanya hivi. Uza kazi iliyofanyika, mteja asijue hata umetumia nini. Na kazi ninayoiona inaendana na mashine zako ni video za harusi, send-off na kitchen party, tena hiyo ni kubana vile vile, ila ni kubana kunakotaka hesabu nyingi. Hapo Morogoro mastudio yanarekodi kila wikiendi, kompyuta ya studio inakaa usiku mzima inatoa video moja na mhariri hawezi kufanya kitu kingine. Piga hesabu, saa moja ya video kutoka kamera kwa megabiti 50 kwa sekunde ni giga 22 na nusu. Kwenye gigabiti inasambaa kwa dakika tatu, nne. Ina fremu, yaani picha moja moja, 90,000 kama ni fremu 25 kwa sekunde, na tuseme mashine yako moja inabana fremu 10 kwa sekunde ukichagua ubora wa juu, ni masaa mawili na nusu. Nane zikigawana ni dakika 20 hivi. Unaikata video kwa ffmpeg, programu ya bure ya video, kwenye fremu kamili (ile isiyotegemea nyingine), kila mashine inachukua kipande, mwisho unaunganisha. Uchoraji wa Blender, programu ya katuni za 3D, nao ni hivyo hivyo, kila fremu inajitegemea, faili lenyewe ni dogo.

Nikwambie na upande mwingine ili usije kusema sikukwambia. Mashine moja ya kisasa inaweza kuzipita zote nane, na haili umeme hivyo. Tuseme kila moja inakula wati 70, nane ni wati 560, masaa kumi ni uniti 5.6, zidisha na bei ya uniti yako kisha uweke kwenye bei ya kazi. Zisipokuwa na kazi zizime, weka ziwashwe kwa mtandao, karibu zote zina hiyo setingi kwenye BIOS. Mashine mbili zibaki za akiba ya vipuri, manake pawasapulai za mnada zinakufa bila hodi, kwa hiyo kwa kweli una klasta ya sita. Na tafadhali usizifunge zote kwenye ekstensheni moja ya sokoni, nimeshaona soketi imeyeyuka.

Bakapu za ofisi ndogo nazo ni kazi, saccos, shule, maduka ya dawa. Hapo tumia BorgBackup, inabana, inaondoa marudio, inafunga kwa siri, na iko wazi, siku ukiondoka mwenye ofisi atafungua. Ila ukishika taarifa za watu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isome kabla ya mteja wa kwanza.

Wiki hii usinunue kingine zaidi ya switchi na kebo. Weka Debian, aina moja ya Linux, kwenye mashine mbili tu, chukua video moja ya dakika kumi, ibane kwenye moja upime muda, halafu igawe kwenye mbili upime tena. Niandikie hizo namba mbili na kasi uliyoiona kwenye kebo, nitakwambia kama uwashe zile nyingine.